Kupiga picha za kipupwe Dodoma: mwongozo kamili

Kipupwe kikiingia Dodoma, mimi huambiwa na bati. Nyumba ninayokaa ina bati moja lililolegea upande wa kusini mashariki, na kila mwaka nasema nitaligongelea msumari. Usiku mmoja, mwishoni mwa Mei au siku za kwanza za Juni, linaanza: ko, ko, kimya, ko. Kukicha, jirani anafagia uwanja amevaa koti la mtumba juu ya kanga, watoto wa shule wametoa masweta yaliyokunjwa tangu mwaka jana, na konda wa daladala amejifunga taulo shingoni. Basi, kimefika.

Nilipoanza kazi hii, elimu yangu ya picha za baridi ilitoka kwa watu wa theluji. Walisema betri ziwekwe kwapani zisife. Walisema kamera ifungwe kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuingia ndani ili isishike unyevu. Nikatii yote. Nilisimama kando ya barabara ya Kondoa nimebana betri mbili kwapani, kwenye nyuzi 14, na dereva wa bodaboda akasimama kuniuliza kama naumwa mbavu.

Ilinichukua misimu kadhaa kuelewa kwamba kipupwe chetu hakina sura yake. Theluji hakuna, na anga ni lile lile la bluu. Hata pumzi ya mtu haionekani ikitoka mdomoni, maana hewa ni kavu na baridi yenyewe haijafikia huko. Ukitaka kukipiga picha, piga vitu vilivyoguswa nacho: upepo, vumbi, kivuli kirefu, mbuyu uliovuliwa majani, mwanamke aliyegeuzia upepo mgongo. Huo ndio msingi wa maelezo yote yanayofuata, uwe na kamera kubwa au simu.

Baridi hii inatoka wapi

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua zake, kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, hunyesha kati ya Desemba na Aprili, kisha zinakatika. Kuanzia Juni upepo wa kusi unavuma kutoka bahari ya Hindi, lakini kabla haujatufikia umeshapanda milima ya mashariki, Uluguru ikiwemo, na kuacha unyevu wake huko. Sisi tunapata uliokamuliwa. Usiku hakuna mawingu ya kuzuia joto lisipande, ardhi inapoa upesi, na Julai alfajiri inashuka hadi karibu nyuzi 13. Saa nane mchana watu wale wale waliovaa makoti wanatafuta kivuli.

Faida kwa mpiga picha ni kwamba hali ya hewa haimgeuki. Hutaamka saa kumi usiku ukute mvua. Hasara yake ni anga tupu: bluu bila wingu hata moja, siku hadi siku. Anga la namna hiyo halistahili nusu ya picha yako. Mimi huliachia robo, au siliachii kitu kabisa.

Jua limehama; lifuate

Hapa ndipo wengi wanapoteza asubuhi nzima. Desemba jua huchomoza likiwa limeegemea kusini mashariki. Juni limehamia kaskazini mashariki, na tofauti kati ya pande hizo mbili ni karibu nyuzi 47 za dira. Mbuyu uliopendeza na jua nyuma yake wakati wa Krismasi, mwezi Juni utakuta jua limetokea nyuma ya nguzo ya umeme ya jirani. Nenda kaangalie siku moja kabla, ukiwa na dira ya simu: jua litachomoza kwenye nyuzi kama 66 na kuzama kwenye nyuzi kama 294.

Saa pia zikariri. Katikati ya Juni jua huchomoza karibu saa 12:45 asubuhi na kuzama karibu saa 12:30 jioni. Anga huanza kupauka vizuri dakika ishirini na ushei kabla jua halijatokea. Likishatoka, kwa kuwa tuko karibu na ikweta, linapanda kama mtu anayekimbilia basi. Watu wa nchi za kaskazini wanazungumzia mwanga wa dhahabu wa saa nzima au zaidi. Sisi ule mzuri hasa tunaupata kwa nusu saa. Ifikapo saa 1:45 jua liko juu nyuzi 13 hivi, na wekundu wake umekwisha.

Kuna jambo jingine ambalo nililigundua kwa kuangalia kivuli changu mwenyewe. Mwezi Oktoba, jua linapopita utosini, mchana hakuna kivuli, na nyuso za watu zinakuwa na mashimo meusi machoni. Katika kipupwe jua la mchana linasimama upande wa kaskazini, nyuzi 60 tu kutoka upeo wa macho. Mtu wa sentimita 170 anakuwa na kivuli cha karibu mita moja hata saa sita na nusu, nacho kinaangukia kusini. Maana yake ni kwamba ukuta unaotazama kaskazini unapata mwanga siku nzima, na mtu akisimama kuuelekea upande huo uso wake unasomeka. Miezi mingine mchana nalala. Julai nafanya kazi hadi saa tano bila manung'uniko, na mara nyingine mchana wote.

Begi, usiku wa kuamkia

Betri zetu haziuawi na baridi ya nyuzi 13. Chaji mbili, ziweke begini, usiziwaze. Adui ni vumbi, kwa hiyo begi lipangwe kwa kuliogopa vumbi. Mimi hubeba mifuko miwili ya plastiki ya kufunga kwa mkanda, pampu ndogo ya mpira ya kupulizia, brashi laini, kitambaa cha miwani kilichofuliwa, na kipande cha kanga kuukuu cha kufunikia kamera ninapotembea. Kanga hiyo isiguse kioo cha lenzi. Chembe ya mchanga wa Dodoma ikisuguliwa kwenye kioo inakwaruza kama msasa.

Chagua lenzi moja nyumbani, uifunge hapo hapo, utoke nayo. Ukiwa nazo mbili na una rafiki mwenye kamera ya pili, kila mmoja achukue yake. Nitaeleza kwa nini.

Tripodi ibebe, lakini usiiamini. Kwenye vilima vya mawe kusi huja kwa mikupuo. Unaona kumetulia, unaachia mkono, na kamera inakwenda. Tundika begi katikati ya miguu yake, na usivute ile shingo ya kati juu. Nguo vaa za kuvuliwa: sweta, koti jepesi lisilopitisha upepo, kofia. Saa tatu utakuwa umezifunga kiunoni.

Jambo la mwisho usiku huo ni kuweka mipangilio ya kuanzia ili usihangaike gizani: faili za RAW (picha ghafi, kabla kamera haijazihariri), tundu la lenzi f/8 kwa mandhari au f/2.8 hadi f/4 kwa watu (namba ikikua, tundu linasinyaa), ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), na mizani ya weupe, ile inayoamua rangi za picha, kwenye Kelvin 5,200, ukiifunga hapo. Ukiiacha ijiamulie, kila picha itakuja na rangi yake.

Alfajiri: mama wa uji

Fika mahali saa 11:45. Saa 12:20 utaanza kuona umbo la vitu. Saa hizi upepo mara nyingi umepungua, na kama uko Bwawa la Hombolo unaweza kulikuta limelala kama sinia, na ukapata kivuli cha miti majini kabla kusi haijaamka na kuyakwangua maji. Ukielekea magharibi, baada ya Bahi unaukuta ukingo wa Bonde la Ufa ukitazama mashariki. Ndio unaopata mwanga wa kwanza wakati bonde lote la chini bado liko gizani. Huko unaligeuzia jua mgongo na kupiga ukingo wenyewe. Una dakika kumi za rangi, kisha unabaki ukuta wa mawe na vichaka.

Lakini picha niliyoipenda kuliko zote za kipupwe kilichopita haikuwa ya mandhari. Ni ya mama muuza uji kando ya barabara ya Iringa, nje kidogo ya mji. Ana sufuria moja ya uji wa uwele, jiko la mkaa, vikombe sita vya plastiki, na chupa ya chai kwa wasiopenda uji. Kanga moja kichwani, ya pili mabegani, na soksi za mwanaume ndani ya ndala. Upande wa kulia wa jiko amesimamisha boksi lililokatwa, limeshikiliwa na matofali mawili, kuzuia upepo usipeperushe moto. Boksi limeungua pembe moja. Kila upepo ukija, linabonyea kuelekea kwenye sufuria, naye analirudisha kwa kisigino bila kuangalia, huku mkono unaendelea kumimina.

Hicho ndicho kipupwe. Upepo hauonekani, lakini boksi lililobonyea linaonekana. Nilikaa pale karibu saa nzima.

Namna ya kuipiga: weka jua nyuma ya mvuke wa sufuria, usimame upande wa pili, halafu tafuta kitu cheusi nyuma ya mvuke, mathalani kivuli cha mti au mlango wa kibanda. Mvuke mbele ya anga jeupe haupo. Mbele ya giza unawaka. Kasi ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, iwe 1/250 ya sekunde au zaidi kama unataka mvuke uwe na mikunjo, 1/60 kama unataka uwe kama pamba. Boksi nililipiga kwa 1/30, nikiwa nimeegemeza kiwiko gotini, ili lionekane likicheza wakati matofali yametulia. Picha kumi na tano zilitoka mbovu, moja ikakubali.

Sasa suala la ngozi. Kamera ikiona anga jeupe nyuma ya mtu mweusi, inadhani mwanga umezidi na kuukata, na uso unageuka kivuli. Wenzetu wa theluji wana shida ya jamaa na hii: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na theluji inatoka ya kijivu, kwa hiyo wanaongeza. Nasi tuongeze. Pima mwanga kwa nukta kwenye shavu la mtu, au ongeza kituo kimoja, yaani mwanga mara mbili, juu ya kile kamera inachokutajia, na anga acha liungue. Kwenye simu, gusa uso kwenye kioo, ushikilie kidole mpaka ujifunge, kisha pandisha mwanga kidogo. Anga lililoungua halijamvunjia mtu heshima. Uso uliopotea unamvunjia.

Na kabla ya kamera kuna salamu. Vijijini mwa Wagogo, ukisema “Mbukwa” kabla ya jambo jingine lolote, umeshavuka nusu ya njia. Kwa wazee ongeza shikamoo yako ya kawaida. Kunywa uji, lipa, kaa, kisha omba. Mama yule aliniuliza, “Picha zenyewe unazipeleka wapi, mwanangu?” Nikamwonyesha kwenye simu kazi nilizokwisha kufanya, na nikaahidi kumletea yake iliyosafishwa kwenye karatasi. Akasema wapiga picha wote huahidi hivyo. Hilo nitalirudia.

Tahadhari moja ya mji wetu kwa kuwa ndio makao makuu: Bunge, Ikulu ya Chamwino, uwanja wa ndege, kambi za jeshi na vituo vya polisi si mahali pa kuelekezea lenzi bila kibali, hata kama mwanga umekuwa mtamu namna gani. Droni nayo haipaishwi bila vibali, kikiwemo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga.

Mchana: mibuyu, alizeti, zabibu

Mbuyu wa kipupwe ni bora kuliko wa masika, na hapa sibishani na mtu. Majani yamepukutika, matawi yanaonekana hadi vidole vya mwisho, na mabuyu yananing'inia kama taa zilizozimwa. Wengi huupiga kama umbo jeusi mbele ya machweo, na picha hizo tunazo za kutosha mpaka kwenye kalenda. Jaribu hivi: saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa pembeni, sogea mpaka gome lijaze picha. Gome la mbuyu lina rangi za kijivu, za shaba na za zambarau iliyofifia, lina makovu ya watu waliopigilia vigingi ili wapande, na mwanga wa pembeni unayainua yote. Lenzi ya 50 mm, f/8, bila tripodi.

Mashamba ya alizeti yasiyovunwa bado ni zawadi nyingine. Mitandaoni utaona alizeti za njano zenye watu wanaotabasamu. Mwezi Juni vichwa vimeinama, vyeusi, vimekauka, safu kwa safu, kama watu wanaosikiliza hotuba ndefu. Vipige kwa usawa wa vichwa vyenyewe, ukiwa umechuchumaa, jua la asubuhi likipita nyuma ya shingo zao.

Ukichoshwa na kahawia, nenda kwenye zabibu: Mpunguzi, Hombolo, Makutupora. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya pili ni Agosti na Septemba, kwa hiyo katikati ya kipupwe mizabibu ina majani. Kijani kile, kikiwa kimezungukwa na nchi iliyokauka, kinashtua. Ingia kati ya safu saa sita mchana, piga kuelekea kaskazini ili jua lipenye majani kutoka upande wa pili. Omba ruhusa ya mwenye shamba. Agosti kila mgeni anayezunguka mizabibuni anaonekana mwizi.

Ukiwa na siku mbili, michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, inafikika kupitia Kolo. Chukua mwongozaji, usitumie flashi, na usimruhusu mtu amwagie mchoro maji ili rangi ikolee. Tabia hiyo ipo, na inaiua michoro.

Vumbi, rafiki na adui

Jioni ndipo kipupwe cha Dodoma kinapotoa kilicho bora. Kuanzia saa kumi na moja ng'ombe wanarudi zizini, mbuzi wakiwatangulia, na kijana nyuma yao na shuka lake la lubega na fimbo mabegani. Ardhi imekauka tangu Mei, kwato zinainua vumbi, jua linaliwasha.

Sasa sikiliza hesabu hii, maana ndiyo iliyobadilisha picha zangu. Jua linazama kaskazini magharibi. Upepo unatoka kusini mashariki. Ukisimama jua likiwa mbele yako na mifugo katikati, upepo uko mgongoni mwako, na vumbi lote linakimbia kukuacha. Msimu mwingine hupati mpangilio huu. Kipupwe kinakupa bure, kila jioni. Asubuhi hakikupi: ukilitazama jua, upepo unakupiga shavu la kulia.

Tumia lenzi ndefu, 200 mm kwa mfano, f/5.6, kasi ya shata 1/500 au zaidi. Punguza mwanga kituo kimoja chini ya kipimo cha kamera, vumbi lishike rangi badala ya kuwa ukungu mweupe. Subiri mnyama mmoja atoke pembeni mwa kundi, kwa sababu kundi zima ni umati wa migongo tu. Mara nyingi nangoja ndama. Usisimame njiani mwao na usikimbie. Mchungaji akikuona umetulia, ataipitisha mifugo yake pembeni mwako kama umezaliwa hapo.

Mchana wa Agosti kuna pia vile visulisuli vya vumbi vinavyozunguka mashambani. Kupiga ni bahati. Kama kinakuja kwako, geuka, funika kamera na tumbo, ufumbe macho.

Na sasa kisa nilichoahidi. Siku moja karibu na Bahi nilibadilisha lenzi barabarani. Niligeuzia upepo mgongo, nikainama, nikafanya haraka, kama tulivyofundishwa. Lori likapita. Sikuona kitu. Nyumbani usiku nikakuta madoa meusi kwenye anga la kila picha, mahali pale pale, picha mia na zaidi. Hapo nikafanya kosa la pili, nikapuliza kwa mdomo, na mate yakaenda kuungana na vumbi juu ya sensa ya kamera, kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga. (Si ile ya kuhesabu watu, ingawa ile ya watu ingekuwa rahisi kuisafisha.) Fundi aliyeitengeneza aliniita pembeni, akanionyesha kwa kurunzi, akacheka mpaka akaketi.

Kwa hiyo: usibadilishe lenzi nje. Ukilazimika, ingia ndani ya gari, vioo juu, feni imezimwa, na kamera ikitazama chini. Kila jioni fanya kipimo hiki: weka f/16, elekeza kwenye ukuta mweupe au anga, fokasi ukiwa umeivuruga makusudi, piga, kisha kuza picha. Madoa yatajitokeza. Geuza kamera mdomo chini, fungua kwa mpangilio wake wa kusafishia, pulizia kwa pampu ya mpira mara tano sita, na upime tena. Doa lisipotoka, mpelekee anayejua. Nimewahi kuona mtu amepeleka kamera gereji apuliziwe kwa upepo wa matairi. Upepo ule una mafuta na maji ndani yake, na una nguvu ya kupasua pazia la shata. Usithubutu.

Lenzi ya simu nayo ichunguze. Simu inayokaa mfukoni Dodoma ina utando wa vumbi na mafuta ya vidole, na ukipiga kuelekea jua utapata ukungu unaodhani ni sanaa. Pulizia kwanza, futa baadaye.

Usiku

Kwa ufupi tu, maana nyota zinastahili siku yake. Kitovu cha Njia Nyeupe, ule mkanda wa nyota unaokatiza anga, hupita juu upande wa kusini, kama nyuzi 67 kutoka upeo wa macho: mwishoni mwa Juni mnamo saa sita usiku, mwishoni mwa Julai mnamo saa nne. Chagua usiku usio na mwezi, toka mjini walau kilomita thelathini, kaa na mwenyeji. Lenzi pana, f/2.8, ISO 3200, sekunde 15 hadi 20, fokasi kwa mkono kwenye nyota angavu. Upepo ukitikisa tripodi, nyota zinakuwa minyoo. Jikinge nyuma ya jiwe au gari. Mbuyu mtupu chini ya anga hilo unatosha kuwa mbele ya picha, ukiumulika sekunde moja kwa kurunzi iliyofunikwa na karatasi ya kaki.

Ukibaki macho hadi saa kumi na moja alfajiri, mwishoni mwa Juni, tazama chini upande wa kaskazini mashariki. Kile kishada kidogo cha nyota ni Kilimia. Waswahili wa pwani walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kilizama siku za mvua, sasa kimezuka kwenye ukame.

Kuchagua na kusafisha

Siku ya kipupwe inaleta picha mia nne, na nyingi zinafanana. Mimi huchagua siku ya tatu, hasira na furaha zikiwa zimeshuka. Kwenye kila picha najiuliza swali moja: je, aliyeko Tanga kwenye joto lake ataona kwamba hapa kuna baridi? Kama haoni, picha inaweza kuwa nzuri, lakini si ya kipupwe.

Kwenye programu ya kuhariri, usipake bluu. Hiyo ni tabia tuliyoiazima kwa watu wa barafu, kwamba baridi ni bluu. Baridi yetu ina rangi ya udongo, nyasi zilizopauka, na waridi ya alfajiri iliyochanganyika na vumbi. Acha Kelvin kati ya 5,200 na 5,500. Ongeza kidogo utofauti wa giza na mwanga, maana vumbi hewani limeufifisha, lakini usitumie ule mtelezo wa kuondoa ukungu mpaka mwisho. Ukungu huo ni wa kwetu. Futa madoa ya sensa, acha madoa ya vumbi halisi.

Halafu safisha picha kwenye karatasi. Nilimpelekea mama wa uji yake wiki tatu baadaye, saizi ya kushikwa kwa mikono miwili, nikiwa nimeificha ndani ya bahasha isiliwe na upepo. Aliifuta mikono kwenye kanga kwanza. Akaitazama picha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu, akamwita dereva wa bajaji aje kuona. Boksi lilikuwa jipya sasa, la sabuni, lakini matofali yalikuwa yale yale.

“Boksi limetoka vizuri kuliko mimi,” akasema, akalirudisha kwa kisigino.